Siku Mbwa Aliponiletea Kikwembe cha Mama-Buko

Nitawaambia, kwa sababu mmeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini sifugi tena mbwa, mimi ambaye zamani kampi nzima ilinijua kwa kupenda wanyama, lakini naomba anayetaka kucheka asubiri kwanza nimalize, maana mimi mwenyewe hadi leo sijaweza kuicheka vizuri. Nikiikumbuka siku ile masikio yanapata moto, nafunika uso kwa mikono, na mke wangu akiniona hivyo anajua ninachowaza, anatoka chumbani polepole huku ameuma midomo. Kuna aibu ambazo mtu huzizoea, ila hii bado ni mbichi.

Mji huu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, Wazungu wakikaa kwao na sisi kwetu, na mimi nilikuwa kijana wa reli, kazi yangu kugeuza njia za treni pale stesheni. Tulikuwa na nyumba ya kampi ya wafanyakazi yenye vyumba viwili, mlango wa mbele na wa nyuma, kiwanja kidogo, na bafu nililolijenga mwenyewe kwa matete na waya (nilijisifu sana kwa bafu lile, niliwaonyesha hata watu waliokuja kuomba chumvi tu). Mke wangu Véronique, Véro kwa sisi wa nyumbani, alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wetu wa kwanza hakufika hata ubatizo. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na hofu ndani yake ambayo hatukuitaja, tuliizunguka tu kama mnavyozunguka shimo uani.

Nilifanya zamu za usiku, na Véro akibaki peke yake alikuwa halali, kila kishindo anakaa kitandani. Nikasema tutafute mbwa. Akakubali, ila kwa sharti, maana nyumba tayari ilikuwa na paka wake Mina, njiwa wangu kwenye sanduku ukutani, na bata mmoja mzee mwenye roho mbaya tuliyemnunua wa Noeli halafu tukashindwa kumchinja.

"Mbwa yenye itakula paka yangu," Véro aliniambia, "itatoka na we pamoja."

Bahati (nilidhani bahati) mwenzangu wa parokia, Donatien, alikuwa mpishi kwa Madame mmoja karibu na uwanja wa golf. Madame alikuwa na mbwa jike wa Ulaya, mkubwa, mwenye makaratasi mengi ya ukoo wake kuliko mimi, na mbwa yule akaenda kuzaa na dume asiyejulikana ambaye bila shaka alitoka upande wetu na kuingia mtaa wa Wazungu bila kibali. Watoto walipofungua macho, kila mmoja sikio moja limesimama na lingine limelala, Madame akaona haya mbele ya majirani zake, akamwamuru Donatien awatie kwenye gunia akawatose mtoni. Donatien alifika hadi mtoni, akakaa pale akivuta sigara, kisha akarudi na gunia lake na kuwaficha kwenye kibanda cha makaa nyuma ya nyumba ya watumishi.

"Ndugu, kamata moja, kamata mbili, kamata yote," aliniambia nilipofika. "Madame akisikia banalia, ni mi njo nitaingia mu ile gunia."

Sasa sikilizeni ujanja wangu. Mtu mwingine angemchukua yeyote mwenye afya akaenda zake. Mimi nilikuwa nimebeba kipimo. Nilichukua kitambaa alicholalia Mina, kipande cha kikwembe kikuukuu, kitenge cha Véro, chenye harufu yote ya paka, na mfukoni nikatia manyoya ya njiwa na ya bata, ili nione nani kati yao anafaa kuishi na wenyeji wake.

"Unafanya nini na ile nguo?" Donatien aliuliza.

"Niko napima tabia."

"Unapima mbwa sawa doktere," akasema, akaenda kuangalia njia.

Wa kwanza alirukia manyoya akayatafuna. Mwingine alikibwekea kitambaa kama kimemtukana. Wa tatu alikojoa hapo hapo na kwenda zake. Aliyebaki, wa rangi ya kahawia mwenye kifua cheupe, alinusa manyoya akayaacha, akanusa kitambaa, akakiokota kwa meno taratibu kama mtu anayeokota kitu cha padri, akazunguka nacho kibanda kizima na kuja kukiweka juu ya viatu vyangu. Halafu akakaa chini na kunitazama.

Moyo wangu uliyeyuka. Nikamwambia Donatien huyu ana adabu, huyu amelelewa, na nikamtia ndani ya koti langu na kwenda nyumbani nikijiona mtu mwenye akili kuliko wote waliopita njia ile. Ndipo mambo yote yalipoanza.

Nilimwita Sifle, filimbi kwa Kifaransa, kwa sababu akilala pua yake ilipiga mluzi. Na niseme haki yake, kwa wanyama wenzake sikukosea hata kidogo. Mina alimchapa kofi siku ya kwanza, naye akalala chali akaomba radhi. Bata alimfukuza kiwanja kizima. Njiwa walitembea mbele ya pua yake na hakuinua hata nyusi. Kosa lilikuwa upande mwingine: alipenda nguo. Kila nguo yenye harufu ya mtu wa nyumbani aliibeba na kuileta miguuni pangu, leo kilemba cha Véro, kesho soksi yangu, siku nyingine hata kitambaa cha mtoto wa jirani aliyeshinda kwetu, na mimi mpumbavu nilicheka na kumpa kichwa cha samaki mkavu wa Kasenga kila alipoleta.

"Unamufundisha bwizi," Véro alisema.

"Namufundisha kazi," nikamjibu.

Hapo ndipo ujumbe ulipotoka kaskazini kwamba mama yake Véro yuko njiani. Hakuwa anakuja kutembea. Alikuwa anakuja kumchukua binti yake akazalie kwao, mbele ya macho yake, kwa sababu mtoto wa kwanza alikufa huku mjini na yeye hakuwepo. Mimi sikutaka. Niliamini masista wa maternité, wodi ya wazazi, na zaidi ya hapo, niwaambie ukweli, niliogopa kukaa peke yangu kwenye vile vyumba viwili nikisubiri mtu ashuke kwenye treni aniambie kama nina mtoto au sina. Véro mwenyewe alikuwa katikati, akimtaka mama yake na akinitaka mimi. Tukakubaliana kwamba baba mdogo wake, Papa Anaclet, msimamizi katika kampi nyingine, atakuja Jumapili na wazee wawili, atusikilize sote, aseme.

Mnajua buko, yaani ukwe, kwetu ilivyo. Wakwe wa siku hizi mnakula sahani moja, mnapigana picha, lakini sisi tulikuwa hatumtazami mama-buko, mama wa mke, usoni. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite. Hukai alipokaa, huli mnatazamana, na nguo yake huigusi kabisa, maana nguo yake ni yeye mwenyewe. Alipofika stesheni na kikwembe chake chekundu chenye ndege wa njano, kikwembe ambacho kampi nzima ilikisema wiki nzima kwa uzuri wake, mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya behewa la makaa, nikiangalia miguu yake tu.

Sasa tieni heshima hiyo ndani ya vyumba viwili. Nilitundika shuka katikati. Yeye alipita mlango wa nyuma, mimi wa mbele. Kabla ya kuingia nilikohoa, kabla ya kutoka nikakohoa, majirani wakaanza kuniletea majani ya kutafuna. Na kwa kuwa mama-buko na mkwe hawasemezani ana kwa ana, na Véro hakuwepo kila saa, tulisemezana kupitia wanyama. Alianza na paka, lakini Mina alikuwa anaondoka katikati ya sentensi. Akahamia kwa Sifle.

"Sifle," sauti ilitoka nyuma ya shuka, "ambia bwana yako maji ya kuoga iko tayari."

"Sifle, ambia mama aksanti."

Mbwa akakaa katikati, sikio moja huku, lingine kule, anafuata kila neno. Na siku moja kabla ya Jumapili ile, Véro akiwa kwenye bomba la maji, sauti ikasema:

"Sifle, ambia bwana yako mutoto yangu alilia huku peke yake. Siwezi kumuacha alie tena."

Nilimvuta Sifle karibu na shuka. Kisha nikasema, "Sifle, ambia mama hakukuwa peke yake. Tulilia babili."

Chakula cha siku ile nilikikuta kimefunikwa kwa sahani ya pili ili kisipoe, na mwenye kufunika hakuwa Véro. Nikaanza kutumaini.

Jumapili baada ya misa Papa Anaclet akaja na wazee wake wawili, wamevaa makoti. Niliazima viti kila upande, nikavaa tai, nikawamiminia munkoyo, kinywaji cha mahindi, tukakaa mbele ya nyumba. Bilauri hazikutosha, Véro akaenda kuazima kwa rafiki yake mwisho wa mstari wa nyumba. Mama-buko alikuwa nyuma, bafuni, anaoga ili aje kukaa upande wa pili wa ukuta na kusikiliza.

Papa Anaclet alinywa, akapangusa midomo, akasema:

"Mukwe wetu, habari ilikuya kwetu mbele yako. Tumesikia mama iko huku mu nyumba yako, na unamueshimu. Mama mwenyewe haina neno. Muntu mwenye kuchunga buko mu ville, hapa fasi bantu banasahau kila kintu, ile ni muntu tunaweza kuachia bibi yake..."

Sikusikia alivyomaliza, kwa sababu kwenye kona ya nyumba alitokea Sifle akitembea kinyumenyume, anavuta kitu kizito kuliko yeye. Kitu chekundu. Chenye ndege wa njano.

Alikileta hadi miguuni pangu, akakipanga vizuri juu ya viatu vyangu, akakaa chini, akanitazama akisubiri kichwa chake cha samaki.

Nguo ya mama-buko, juu ya viatu vyangu, mbele ya watu wa mama-buko. Papa Anaclet alikuwa bado ameshika bilauri akitazama juu kidogo, kama wasemaji wanavyotazama, na nikajidanganya kwamba bado hajaona. Nikaanza kukisukuma kikwembe kwa kisigino kuelekea chini ya kiti, taratibu, huku nimetabasamu na kuitikia "ndiyo papa, ndiyo papa" kwa mambo ambayo hakuwa amesema. Sifle alipoona sikufurahi akadhani ameleta kidogo. Akarudi nyuma mbio. Akaja na kile cha ndani.

Mzee mmoja aligeuka kutazama bomba la moshi la kiwanda kana kwamba ameliona leo. Mwenzake alivua kofia. Papa Anaclet aliweka bilauri chini. Na kutoka nyuma ya nyumba, kwa sauti ambayo kampi nzima iliisikia:

"Véro. We Véro. Nguo yangu iko wapi?"

Véro hakuwepo. Ningeweza kumwita mama yeyote wa jirani, wote walikuwa milangoni, wote walikuwa wanaona. Lakini kichwani mwangu nilijiambia kwamba nikiita mtu nitakuwa nimelitangaza jambo, na kwamba bado kuna njia ya heshima. Njia ya heshima, jamani. Nilichukua mti wa fagio, nikaokota zile nguo kwa ncha yake ili mkono wangu usiziguse, nikageuza mgongo kuelekea bafuni ili macho yangu yasione, nikaanza kutembea kinyumenyume kuzunguka nyumba, fagio limeinuliwa juu ya bega, uso mbinguni, nikikohoa kila hatua kama mgonjwa wa kifua.

"Unaenda wapi?" Papa Anaclet aliuliza.

"Napeleka, papa."

"Unapeleka nini?"

Kikwembe kilikuwa kinapepea juu ya kichwa changu kwa wote kuona, kwa hiyo nikakohoa tu.

Nilipanga kufika karibu na matete, kuzitupa kwa juu, na kuondoka. Nilikuwa nimebakiza kidogo sana. Lakini bata wetu, ambaye tangu Noeli ile hajawahi kumpisha mtu, alikuwa amelala njiani. Nilimkanyaga. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe chochote, mimi nikayumba, nguo zikapeperuka, na Sifle, akiona kazi yake inaruka hewani, akadaka ncha ya kikwembe na kuvuta kwa nguvu zake zote. Nilianguka kwa mgongo juu ya matete yangu mwenyewe. Na bafu lile nililojisifia halikuanguka upande mmoja. Lilianguka lote.

Nilikuwa nimelala chali. Juu yangu kulikuwa na anga, kisha beseni kubwa la bati lililoshikwa kama ngao, na juu ya beseni kichwa chenye povu la sabuni. Macho yetu yakakutana. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwa najua macho ya mama-buko yana rangi gani, na sasa najua, na sitasahau. Nikafumba yangu. Nikasikia miguu midogo inakuja, na kitu chenye harufu ya sabuni na moshi kikawekwa kifuani pangu, kwa uangalifu.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Mstari mzima wa nyumba, akina mama milangoni, watoto juu ya pipa, wote kimya kama tuko kwenye maziko. Halafu wanawake wakaja mbio na vikwembe vyao, wakamzingira, wakampeleka ndani. Mimi nilibaki pale na macho yamefumbwa, nikifikiri kwamba nisipoyafumbua labda bado ni asubuhi.

Nilipoyafumbua Véro alikuwa amesimama na bilauri za kuazima kifuani. Alitazama matete, akanitazama mimi, akatazama kikwembe cha mama yake juu ya tai yangu. Alizishusha bilauri chini moja moja ili zisivunjike, akaingia ndani kwa mama yake, na kilio nilichosikia hakikuwa cha mama, kilikuwa chake.

Papa Anaclet alinihukumu akiwa amesimama, na koti amelifunga vifungo vyote. Nilipe mbuzi wa kusafisha jambo. Mama hawezi kulala tena chini ya paa la mkwe aliyemwona vile, ataondoka kesho. Nikasubiri aseme lililobaki, kwamba Véro aondoke naye, na nilikuwa tayari, sikuwa na mdomo wa kubisha.

"Na bibi yako," akasema, "ile mimba iko ya kwako. Mpaka buko isafike, haiwezi kulala mu nyumba ya mama yake na ile haya. Atabakia."

Kwa hiyo nilipata nilichokitaka. Nilisimama pale na majani ya matete kwenye nywele, nimepata kila nilichoomba, na nilitamani aninyang'anye.

Kesho yake nilikuwa zamu, na treni ya kaskazini ilikuwa yangu. Véro alimsindikiza mama yake, wakashikana mikono dirishani hadi mwisho, na mimi mbali kule nikavuta chuma, nikageuza njia, nikamfungulia mama-buko reli ya kumtenga na mtoto wake. Kila mtu stesheni alijua. Walijua hata habari ya bata.

Mtoto alizaliwa kwa masista, msichana, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mji. Lakini kabla ya sauti yake nilisikia nyingine, nikiwa nje chini ya dirisha, Véro akimwita mama yake, tena na tena, na kila alipoita nilitamani ardhi inimeze. Hilo nalo liko ndani ya hesabu ya siku ile. Véro hakunilaumu kwa maneno, wala leo. Afadhali angenilaumu.

Sifle aliishi nasi miaka mingi, na alipokufa nililia, na watu wakaniletea watoto wa mbwa wazuri, wa kila rangi, nikawarudisha wote bila kuwanusisha kitu. Chagueni nyinyi. Mimi nilishachagua mara moja, kwa kipimo changu, kwa akili zangu zote, na sitachagua tena kiumbe kwa kuwa ameweka kitu miguuni pangu nikaona raha.

Mbuzi nilimtuma kaskazini na mtu wa reli. Jibu lilichelewa, kisha likaja kwa mdomo wa mtu yuleyule: mama amempokea mbuzi, jambo limesafika, na anaomba kitu kimoja tu, mtoto apewe jina lake. Véro alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilifurahi sana, nikaimba, nikazunguka nyumba nikiimba, mpaka nilipokumbuka kwamba mkwe hawezi kulitamka jina la mama-buko mpaka anaingia kaburini.

Basi nilimlea binti yangu hivyo. Nilimwita Mama. Akilia, Mama nyamaza. Akiingia nikiwa nimekaa, mwili wangu wenyewe unainuka kumpisha kiti, mtoto wa miaka mitatu, na yeye anakaa kama haki yake. Na siku nilipompeleka shule, sista aliyekuwa mlangoni akaniuliza anaitwa nani. Nilikohoa. Akauliza tena, wazazi nyuma yangu wakaanza kunong'onezana kwamba baba gani huyu hajui jina la mtoto wake, na mimi naangalia viatu vyangu, jasho linatoka, nimesimama tu. Mtoto aliinua uso akanitazama muda, akaona hakuna msaada utakaotoka kwangu, akashika mkono wangu, na jina akalitaja mwenyewe.